Dakika Kumi za Bi Umeona

Barua ya shule ilifika Jumatatu, na Bi Umeona akampa mumewe aisome kwa kisingizio kile kile alichokitumia tangu mwaka uliopita, kwamba miwani ameisahau chumbani. Miwani ilikuwa kichwani pake. Mumewe, seremala mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, aliitazama ile miwani, akaitazama barua, akajikohoza na kuanza kusoma.

"'Kwa heshima na taadhima unaalikwa kwenye ufunguzi wa maabara mpya ya sayansi ya shule yetu, siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi. Uongozi wa shule unakuomba uwaonyeshe wanafunzi jaribio moja, kwa muda usiozidi dakika kumi.'"

"Rudia hapo."

"Wapi? Kwenye heshima au kwenye taadhima?"

"Fundi, usinichezee. Hapo kwenye jaribio."

Akarudia. Bi Umeona akapapasa kiti nyuma yake, akakaa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameiomba maabara hiyo. Kila mwaka shule ilipofunguliwa aliandika barua, na katika miaka yote hiyo alijibiwa mara mbili: mara ya kwanza aliambiwa suala lake linashughulikiwa, mara ya pili aliambiwa aambatanishe nakala ya barua ya kwanza. Sasa ni mwaka wa sita tangu astaafu, na maabara imejengwa. Ndiyo dunia, humpa kitana mtu aliyekwisha nyoa.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza. "Kuna kitu hujanisomea."

"Hakuna."

"Juu kabisa. Wameandika kwa nani?"

Fundi alikunja barua, akaikunjua. "Wameandika, 'Kwa mwalimu mstaafu wa ushonaji.'"

Bi Umeona alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Ni kweli aliajiriwa kufundisha ushonaji. Alikuwa na cheti cha sindano na uzi, na shule haikuwa na mtu hata mmoja wa kufundisha sayansi, na wasichana walikuwa wakikaa vipindi vitatu kwa wiki wakisukana na kusengenyana. Alijisomea mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, akasogeza vyerehani ukutani, akaanza. Chupa za dawa ya kikohozi zikawa vyombo vya maabara. Wanawake wa kwanza wa mji ule kuvaa koti jeupe la udaktari walitoka katika chumba kile cha vyerehani, wakiwa na nyuzi zimenasa kwenye sketi. Lakini kwenye faili aliingia kama mwalimu wa ushonaji, na kwenye faili akatoka hivyo hivyo.

"Nitawaandikia warekebishe," Fundi alisema. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni.

"Achana nao. Watakwambia uambatanishe nakala." Alinyoosha mkono, akaichukua barua na kuipapasa kana kwamba maneno yangeweza kuingia kwa vidole. "Dakika kumi zinanitosha, Fundi. Jaribio la maua linakwisha kwa dakika saba."

Alichokitaka Bi Umeona kilikuwa hicho tu, na alikitaka kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji: asimame mara moja katika maabara ya kweli, wanafunzi wamemzunguka, amimine maji ya maua kwenye glasi, ayatie limau yawe mekundu na majivu yawe ya kijani, awaulize lile swali lililompa jina. "Umeona nini?" Hakuwahi kumwambia mwanafunzi jibu. Kila mmoja aliulizwa ameona nini, na ole wake atakayesema alichotarajia badala ya alichokiona. Ndiyo maana watoto wakamwita Bi Umeona, wazazi wao wakafuata, na hatimaye hata mumewe.

Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa akiona. Daktari wa macho, ambaye naye alipitia chumba cha vyerehani, alimweleza miezi minane iliyopita kwamba presha ya macho imekwisha kuua mishipa na dawa zitalinda kile kidogo kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mwanga na vivuli. Rangi zilikuwa zimemhama moja moja, bila kuaga. Hakumwambia mtu. Alijua binti yake akipata habari hatamruhusu tena kutoka nje ya mlango peke yake, achilia mbali kwenda kusimama mbele ya watu na vyombo vya kioo.

*

Binti yake alikuja Jumanne mchana. Alikuwa msusi, mwenye saluni ndogo karibu na kituo cha mabasi, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mchangamfu kwa wateja na mkavu kwa mama yake. Siku hiyo alikuwa amejiandaa kwa vita. Jana yake alikuwa amepaka nywele zake rangi nyekundu, nyekundu ya kumsimamisha mtu njiani, na njia nzima alikuwa akitunga majibu. Mama yake hakuwahi kuipenda kazi ya saluni. Kwake, mtoto wa mwalimu wa sayansi kushinda akichezea vichwa vya watu ilikuwa hasara, na hakuwa mtu wa kuificha hasara.

Binti aliingia, akaamkia, akasimama katikati ya sebule akingoja.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Baba yako yuko nyuma, anakwangua mbao."

Binti hakukaa. "Mama, huoni chochote?"

Bi Umeona aliganda kidogo tu. Kisha akatabasamu, akaelekeza uso palipotoka sauti. "Nakuona. Umependeza. Nywele zako zimekaa vizuri, nyeusi tii, siyo ile mikia ya farasi uliyokuja nayo siku ile. Hivi ndivyo nipendavyo."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na randa ya Fundi ilisikika ikikwangua, kisha nayo ikanyamaza. Binti alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Alisogea, akainama mbele ya mama yake mpaka nyuso zikakaribiana, akapunga vidole taratibu.

"Vidole vingapi, mama?"

"Usinifanye mtoto."

"Vingapi?"

"Vitatu."

Vilikuwa viwili. Binti aliketi sakafuni pale pale, akalia kwa hasira, maana kuna watu ambao huzuni kwao haitoki bila kuazima sauti ya ugomvi. "Tangu lini? Unapika na moto ule! Unavuka barabara! Tangu lini, na kwa nini sisi hatujui?"

"Ungefanyaje? Ungenipa macho mengine?"

"Ningejua! Mficha maradhi kifo humuumbua, si wewe ulikuwa ukituambia hivyo? Na baba ananiambia Ijumaa unakwenda kufanya jaribio shuleni. Jaribio gani na wewe huoni hata nywele nyekundu zilizo mbele ya pua yako?"

"Umezipaka nyekundu?" Bi Umeona aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Huendi, mama. Nitakwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kumwambia unaumwa."

"Utamwambia hivyo?"

"Ndiyo. Sitaki watu wakucheke."

"Basi utakuwa umesema uongo. Mimi siumwi. Mimi sioni tu." Akatafuta mkono wa binti yake, akaukosa, akakamata mguu wa meza. "Mwanangu, nimeomba chumba kile miaka thelathini na mmoja. Niache niingie mara moja. Baada ya hapo nifungieni ndani kama kuku wa mayai, sitasema neno."

Binti alifuta machozi kwa kiganja. Angeweza kusema ndiyo hapo hapo. Lakini kulikuwa na kitu kilichokaa kifuani mwake tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, na siku hiyo kilipata mwanya.

"Unakumbuka ulivyonipa sifuri?"

"Nakumbuka."

"Mbele ya darasa zima. Ulitugawia maji matupu, ukatuambia ni maji ya maua, ukatuambia tutie limau. Nikaandika yamekuwa mekundu. Ukasoma daftari langu kwa sauti, ukasema, 'Huyu hakuona, huyu amekariri. Na ni mtoto wangu mwenyewe.'"

"Uliandika usichokiona."

"Niliandika ulichokuwa unakisema kila siku nyumbani! Nilidhani ndicho unachokitaka!" Alisimama, akachukua mkoba wake. "Sikugusa tena sayansi. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

Jibu Bi Umeona alikuwa nalo miaka mingi, ila halikuwahi kupata njia ya kutoka. Wanafunzi wote aliwahesabia makosa na kuwasamehe, isipokuwa huyu, kwa sababu huyu ndiye aliyemtamani zaidi. Alitaka kusema hivyo. Mlango ukafungwa kabla hajapata pa kuanzia.

*

Alhamisi jioni Fundi aliingia sebuleni na kishikio kipya cha mbao, chenye matundu ya kusimamishia mirija ya kioo. Wakati ule wa kazi alikuwa amemtengenezea mkewe vishikio kama hivyo karibu mia moja, vyote kwa mabaki ya vitanda vya watu.

"Shika hapa," alisema, akiuweka mkono wa mkewe juu ya ubao. "Mkato mmoja: maji ya limau. Mikato miwili: maji ya majivu. Palipo laini ni maji ya maua peke yake."

Vidole vya Bi Umeona vilipita juu ya mikato, vikarudi.

"Binti amekwambia."

"Hakuniambia mtu. Unadhani ukingo wa mbao pale kwenye ngazi nani aliupigilia? Rafu ya jikoni, kila chupa na kijumba chake, unadhani ni pepo? Huu mwaka wa pili sijasogeza kiti hata kimoja humu ndani. Mgeni akisogeza, nakirudisha."

"Na hukusema kitu."

"Wewe hukusema. Nikaona mwenye siri anataka kukaa nayo."

Bi Umeona alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Alimwambia mumewe kuwa ni mjinga, na Fundi akakubali, akasema angekuwa na akili angeoa mwanamke asiyechemsha maua kwenye sufuria ya chai. Kisha wakakaa wamegusana mabega, mmoja akiwaza kesho, mwingine akimwaza aliyekuwa akiwaza kesho.

"Sasa maua," Fundi alisema. "Uzio wetu ulikatwa wote walipopitisha bomba la maji. Nikakuchumie wapi?"

"Maua ni kazi yangu. Uzio wa jirani ni ule ule, nilimpa vipandikizi mwenyewe. Nitachuma asubuhi, nitachemsha, nitamimina kwenye chupa ya chai. Wewe usiguse."

"Nikusaidie hata..."

"Fundi. Niachie hilo moja."

Akamwachia. Ilikuwa heshima, na ilikuwa kosa, na watu waliooana miaka mingi hawana namna ya kutenganisha hivyo viwili.

Asubuhi ya Ijumaa, umande haujakauka, Bi Umeona alisimama kwenye uzio wa jirani akichuma. Yalikuwa ni yale maua makubwa yenye ulimi mrefu katikati, laini kama kitambaa cha hariri. Aliyajua kwa vidole: petali tano, kikonyo kinachokatika kirahisi. Alichuma ishirini, akayachemsha, akachuja, akamimina kwenye chupa na kukaza kizibo. Jirani alikuwa bado amelala. Angekuwa macho angemwambia kwamba vipandikizi vya zamani vilikufa wakati wa ukame, na kwamba uzio huu mpya aliununua mwenyewe kwa wauza miche kwa kuwa aliipenda rangi yake. Maua yalikuwa meupe, yote, kama shuka za hospitali.

*

Binti alitokea mlangoni saa tatu, amefunga kitambaa kichwani. Hakueleza kwa nini amekuja na hakuna aliyemuuliza. Alimshika mama yake mkono, Fundi akabeba kishikio na kikapu, wakaenda.

Maabara ilikuwa inanuka rangi mpya. Meza zilikuwa nyeupe, ndefu, na kila moja ilikuwa na bomba lake la maji. Bi Umeona aliomba asimamishwe kwenye bomba. Alilifungua, akasikiliza maji yakitiririka, akalifunga. Akalifungua tena. Enzi zake maji yalibebwa na wasichana kwa ndoo kutoka kisimani, nusu ya kipindi ikaishia njiani.

"Bibi, tafadhali usichezee bomba," alisema mtunza maabara, kijana mwenye funguo nyingi kiunoni. "Na vioo hivyo ni ghali. Mtu yeyote asiandike wala kuweka kitu juu ya meza."

"Tumekuja na vyombo vyetu," Fundi alisema kwa sauti ya kuwekeana mipaka.

"Kuna bango ukutani," binti alimnong'oneza mama yake. "Kubwa, limechapishwa kwa rangi. Maji ya maua. Limau, nyekundu. Majivu, kijani. Hata hiyo chupa ya dawa ya kikohozi wameichora."

"Limeandikwa la nani?"

Binti alilisoma bango lote, mpaka maandishi madogo ya chini. "Halijaandikwa."

Walingoja. Mgeni rasmi alichelewa, akaja, akahutubia, akasifu waliochangia saruji, waliochangia mabati, na waliochangia kuja. Bi Umeona, mumewe na binti yao waliketishwa safu ya nyuma, karibu na mlango, pamoja na wapishi. Saa sita kasoro mwalimu mkuu alisimama, akatazama saa yake bila kificho.

"Sasa tunaye mwalimu wetu wa zamani wa ushonaji, ambaye atatuonyesha kajaribio kadogo. Bibi, tumebanwa na muda, tunaomba dakika tano."

Bi Umeona aliinuka. Fundi alisaga meno. Binti alimwongoza mpaka mbele kana kwamba anamsindikiza kwa heshima tu, akamweka mbele ya kishikio, akarudi hatua moja nyuma. Wanafunzi arobaini walikuwa wamesimama kuizunguka meza. Bi Umeona aliwasikia wakipumua, akasikia viatu vikisuguana, akasikia yule mmoja mkorofi ambaye hakosekani katika darasa lolote duniani, akanyoosha mgongo.

"Hamjambo wanangu."

"Hatujamboo, mwalimu!"

Hawakusema bibi, walisema mwalimu. Alikaza mkono juu ya kizibo, akafungua chupa, akamimina kwenye mirija mitatu bila kumwaga tone. Mikono ile ilikuwa imemimina hivyo mara elfu.

Binti aliona. Maji yalikuwa yamepauka, kama maji yaliyooshea mchele. Alimtazama baba yake aliyekuwa amesimama mlangoni. Naye alikuwa ameona, na mkono wake ulikuwa umeshika fremu ya mlango. Mwalimu mkuu aliona pia, akamwinamia mgeni rasmi, wakatabasamu yale matabasamu ya kuvumilia wazee.

Bi Umeona alitafuta mkato mmoja, akatia maji ya limau. "Umeona nini?" aliuliza.

Hakuna kilichokuwa kimetokea. Wanafunzi wakautazama mrija, wakamtazama yule mwanamke mzee aliyekuwa akitabasamu akiangalia pasipo na mtu, wakalitazama bango. Walikuwa watoto waliolelewa vizuri.

"Imekuwa nyekundu, mwalimu!"

"Vizuri." Uso wake ulimeremeta. Alitafuta mikato miwili, akatia maji ya majivu. "Na sasa? Umeona nini?"

"Kijani, mwalimu!"

Watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi alipiga makofi kuliko wote, na alikuwa amekwisha simama aondoke. Ingeweza kuishia hapo. Bi Umeona angerudi nyumbani na siku yake, angekaa nayo mpaka kufa, na hakuna ambaye angeumia.

Lakini hakukunja vyombo. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Kwa miaka thelathini na mmoja maji yalipogeuka rangi darasa lilikuwa linapiga ukelele kabla hajauliza, "Haaa!", hata wale waliorudia darasa na walijua kitakachotokea. Siku hii hapakuwa na ukelele. Palikuwa na jibu tu, la pamoja, safi kama la kwaya. Alipata kulisikia jibu la namna hiyo siku moja tu, siku ya maji matupu.

"Mwanangu," aliita, bila kugeuka. "Uko hapo?"

"Nipo, mama."

"Umeona nini?"

Binti alimtazama mama yake, gauni lake la kazini alilolipiga pasi kwa kupapasa, mkunjo mmoja umeachwa begani. Hakuna kitu alichokitaka zaidi ya kumwambia nyekundu. Alitaka kumpa nyekundu yote iliyoko duniani. Alikuwa ameliweka neno tayari mdomoni.

"Sijaona nyekundu, mama," alisema. "Limau halikufanya kitu. Maji ni yale yale."

Mwalimu mkuu alikohoa. "Nadhani muda wetu..."

"Na majivu?" Bi Umeona aliuliza, akiinua kiganja kumnyamazisha mwalimu mkuu kama anavyonyamazishwa mwanafunzi.

Binti aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na mrija. Hapo sauti yake ilibadilika, ikawa ile ya saluni, ya mtu anayechanganya rangi kwa riziki. "Si kijani. Ni manjano, mama. Manjano hafifu, yenye kijani kwa mbali sana, kama rangi ya nywele ikiwa ndiyo kwanza imeanza kushika. Chini imekolea kuliko juu."

"Manjano?"

"Manjano."

Bi Umeona alishika ukingo wa meza. Watu walidhani anaanguka. Fundi aliacha mlango akaanza kuja. Lakini hakuwa anaanguka. Kwa miaka yote ile hakuwa amewahi kuiona manjano, na akili yake ilikuwa imekwisha toka mbio kuifuata.

"Kwa nini imekuwa manjano?" aliwauliza wanafunzi. "Msiangalie ukutani! Niulizeni mimi. Niulizeni lolote."

Ikatoka sauti ya msichana, ya woga, kutoka nyuma. "Mwalimu, kwani ulichuma maua ya rangi gani?"

"Eeh!" Bi Umeona alipiga meza kwa kiganja. "Mleteni huyo mbele. Hilo ndilo swali. Sijui, mwanangu. Macho yangu hayaoni tena, wala rangi siioni. Nilichuma kwa vidole, nikadhani ni mekundu. Sasa nyinyi mnaoona, na huyu dada hapa aliyeona manjano, hebu niambieni: nilichuma ya rangi gani?"

"Meupe," msichana alisema. Halafu mwingine, na mwingine. "Meupe! Ndiyo maana!" Na hapo ukelele ukaja, uliochelewa, "Haaa!", na darasa likamvamia. Je, ya pinki yangekuwaje? Je, ukichanganya? Bi Umeona akawajibu kila mmoja jibu moja: sijui, kajaribu. Mgeni rasmi alikaa tena. Dakika tano zilipita, kumi zikapita, na mwalimu mkuu aliacha kutazama saa.

Mwishoni Bi Umeona alimgeukia binti yake. "Andika."

"Mama, sina daftari."

Yule msichana akachana karatasi, akampa na kalamu. Binti, mwanamke mzima mwenye saluni na wateja wanaomsubiri, aliinama mbele ya watoto arobaini akaandika mistari miwili. Bi Umeona aliipokea karatasi, akaomba kalamu nyekundu. Alitafuta kona kwa kidole, akapiga tiki. Ilikuwa tiki kubwa, ikatoka nje ya karatasi na kwenda zake juu ya meza mpya nyeupe. Mtunza maabara alifungua mdomo. Fundi akamtazama, kijana akaufunga.

"Nilikuwa nakudai hii," Bi Umeona alisema polepole, ili mmoja tu asikie. "Siku ile uliandika ulichodhani nakitaka. Ningekuuliza kwanza umeona nini. Sikukuuliza, nikakusoma mbele ya watu. Kosa lilikuwa langu."

Binti aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka mahali anapoweka pesa, ndani ya nguo.

*

Walirudi kwa miguu, Fundi akitangulia na kikapu, akipiga mluzi vibaya kama kawaida yake. Jua lilikuwa limepanda. Kwa Bi Umeona barabara ilikuwa mwanga mtupu, na ndani ya mwanga vivuli vilivyopita bila majina. Alijua katika maabara ile hataingia tena. Alijua pia kwamba manjano ile ataiwaza kila siku na hataiona.

"Mwanangu."

"Mama."

"Hizo nywele. Nyekundu ya namna gani?"

Binti alisimama, akafungua kitambaa. Alifikiri sana kabla ya kusema, kwa kuwa sasa alijua kwamba neno atakalolitoa ndilo litakalokuwa rangi yenyewe kwa mama yake.

"Nilichanganya mara tatu mpaka nikaipata," alisema. "Ni kama yale maua ya uzio wetu, mama. Yale waliyoyakata."

Bi Umeona aliinua mikono miwili, akazishika nywele.